Damu ya Pwani Katika Nyumba za Jericho

Mama mmoja mkaazi wa Jericho, Nairobi, ametuletea swali tulilolifanya kuwa mada ya wiki hii. Kila Disemba huteremka na wanawe hadi Kilifi kwa kaka yake. Wakisharudi Jericho, wanawe hushikwa na malaria kali, ilhali binamu zao waliolala nao chumba kimoja hucheza uani kama kawaida. "Kwani damu yetu si moja?" akauliza.

Damu ni moja, wapenzi wasomaji, ila makaazi ni mbalimbali. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na katika baridi yake kimelea cha malaria hakipati wasaa wa kukomaa ndani ya mbu. Mtoto wa Pwani huumwa na mbu wa malaria mara kwa mara, na mwili wake hujifunza kidogo kidogo kukabiliana na maradhi hayo. Mtoto wa Jericho hajalipata somo hilo, na hata mtu mzima aliyekulia Pwani hupungukiwa na kinga yake akikaa bara miaka mingi. Basi mgeni asikose chandarua, na akipata homa baada ya kurudi Nairobi, hata zikiwa zimepita wiki tatu, daktari aambiwe mapema kwamba alikuwa Pwani.

Lakini iko kinga nyingine, ambayo mtu huzaliwa nayo. Mwaka 1949, Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na aliyekuwa akisomea udaktari Oxford, alizunguka nchini akipima damu za watu. Aliyoyaona yalimshangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na urithi wa selimundu; kwenye nyanda za juu hakufika hata mmoja katika 100. Palipo na mbu wengi, ndipo palipo na urithi huo. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake katika jarida la British Medical Journal, na miaka mingi baadaye utafiti wa Kilifi ukaonyesha kuwa mtoto aliyeurithi kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali kwa kiasi cha asilimia 90.

Ajabu ni kwamba kinga hiyo hutokana na kosa la herufi moja tu katika maagizo ya kuunda himoglobini, kitu kinachoipa damu wekundu wake. Na anayeurithi kwa wazazi wote wawili hapati kinga, hupata ugonjwa. Chembe nyekundu ya kawaida ni laini, nayo huishi siku 120 hivi. Chembe zake yeye hujikunja kama mundu, huziba mishipa, na hufa baada ya siku 10 hadi 20. Ndiyo yale maumivu makali ya mifupa, macho ya manjano na upungufu wa damu. Malaria nayo humdhuru mno.

Wazazi wa mtoto huyo aghalabu ni wazima kabisa. Kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa, na hesabu huanza upya kila mara. Ni wangapi waliomlaumu mama peke yake, au wakamshuku jirani kuwa na jicho baya, ilhali urithi umetoka kwa wawili sawasawa!

Hatusemi binamu wasioane. Twasema tu kwamba wenye babu mmoja huenda wamerithi kitu kimoja, basi wapime. Kile kipimo cha haraka kinachoonyesha kuwa chembe hujikunja hakitoshi, kwani hakimtenganishi mwenye urithi na mgonjwa. Kiombwe kipimo cha aina za himoglobini, ambacho majibu yake huandikwa AA, AS au SS. Mmoja akiwa AA na mwenziwe AS, hawazai mtoto wa SS. Wote wakiwa AS, wana la kuzungumza kabla ya nikahi.

Mama wa Jericho alipoyasikia haya alinyamaza kidogo. Barua ya posa ya bintiye ilikuwa imeshafika, kutoka kwa mtoto wa kaka yake wa Kilifi. Amemjulisha kaka yake kwamba jibu litangojea karatasi mbili za hospitali.