Siku za Kujitoa Zihesabiwe kwa Lugha Inayoeleweka

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu, mwishowe huja kinyume. Kauli hiyo hurudiwa kila mara mtu anapolia baada ya kutia sahihi mkataba asioufahamu, kana kwamba ndiyo hukumu ya mwisho. Mimi nashikilia kwamba sivyo. Sheria ya nchi hii, pamoja na ile tuliyorithi kwa Waingereza, imemwachia mlango mnunuzi aliyepitwa na siku. Tatizo ni kwamba mlango huo umeandikwa kwa lugha ambayo wengi wetu hawaimudu.

Nazungumzia biashara ninayoiita umiliki wa zamu, kwa kuwa Kiswahili bado hakijaipa jina lililozoeleka. Mnunuzi hauziwi nyumba wala chumba. Huuziwa haki ya kukaa katika jumba la kitalii kwa wiki moja, pengine mbili, kila mwaka. Zamu yake ikiisha, huingia mwingine. Biashara hii ilichipuka Ulaya katika miaka ya 1960, ikaenea Marekani na Uhispania, na pwani yetu pia imeifahamu. Bei ya kununua ni mwanzo tu. Kila mwaka hufuata ada ya matunzo, na ada hiyo hudaiwa hata kama mwenye zamu hakukanyaga mahali hapo.

Mwalimu mmoja wa shule ya upili, ambaye zamani nilimfundisha, aliniletea mkataba wa namna hiyo. Wakati wa likizo ya Desemba alialikwa kwa chakula cha mchana cha bure katika hoteli moja ya pwani. Mawakala walizungumza naye kwa saa tatu, kwa Kiswahili kitamu kilichojaa 'dada' na 'mwalimu wetu'. Wakamwambia kwamba akichoka na zamu yake, kampuni itainunua tena wakati wowote. Akalipa arbuni, akatia sahihi. Nakala ya mkataba ilimfikia Januari, shule zilipokuwa zikifunguliwa: kurasa 19 za Kiingereza cha mawakili, kwa herufi ndogo. Alipopata wasaa wa kuisoma na kuandika barua ya kujitoa, siku 14 zilikuwa zimepita tangu aipokee. Kampuni ilimjibu kwa sentensi moja: muda umekwisha.

Je, umekwisha kweli? Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inautaja mkataba wa aina hii waziwazi. Mnunuzi ana ruhusa ya kujitoa, bila kutoa sababu yoyote, hadi siku 10 baada ya kupokea nakala ya mkataba. Naomba msomaji azingatie neno 'kupokea'. Hesabu haianzi siku ya kutia sahihi, wala siku ya kulipa arbuni. Aidha, iwapo nakala aliyopewa haikutimiza masharti ya sheria, mnunuzi ana mwaka mzima wa kujitoa, kuanzia siku alipofanya mkataba. Kwa hiyo, swali la kwanza la aliyepitwa na muda si 'nimechelewa kiasi gani?' bali 'nilipewa nini, na lini?'

Swali la pili linahusu maneno ya mdomo, na hapa mwanaisimu ana la kusema. Mwaka 1934 mahakama ya Uingereza iliamua, katika kesi ya L'Estrange na Graucob, kwamba aliyetia sahihi amefungwa na maandishi hata kama hakuyasoma. Hukumu hiyo ndiyo ngao ya wafanyabiashara hadi leo. Lakini mwaka 1951 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mwanamke aliyepeleka gauni lake la harusi kwa dobi. Aliuliza kwa nini atie sahihi, akaambiwa kwamba karatasi ile ilihusu shanga na mapambo tu. Kumbe ilimwondolea dobi lawama ya uharibifu wowote. Gauni liliporudi na doa, mahakama ilikataa kumkinga dobi kwa karatasi ambayo mtumishi wake mwenyewe aliieleza visivyo. Kwa ufupi, sahihi hufunga, ila haimfungi mtu aliyedanganywa kuhusu kile anachokitilia sahihi.

Mwalimu wetu aliahidiwa kwa Kiswahili kwamba zamu yake itanunuliwa tena. Mkataba wa Kiingereza unasema kwamba kampuni haina wajibu huo. Lugha moja ilitumika kumshawishi, nyingine ikatumika kumfunga. Sheria ya 2012 inahesabu kuwa jambo lisilo la haki kumfungia mtu mkataba huku ukijua kwamba hawezi kuelewa lugha yake. Najua kampuni itadai kwamba mwalimu aliyefuzu hawezi kusingizia kutojua Kiingereza. Nami najibu kwamba Kiingereza cha darasani na kile cha mawakili ni mitindo miwili iliyo mbali sana. Anayefundisha riwaya kwa ufasaha aweza kupotea katika sentensi moja ya kisheria yenye maneno mia moja na kitenzi kikuu kimoja.

Wapo watakaosema kwamba mikataba ikivunjwa ovyo biashara itakufa, na kwamba mtu mzima hana budi kubeba mzigo aliojitwika. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu sheria imeweka kikomo cha siku. Lakini kikomo ni haki pale tu pande zote mbili zinapokiona. Umoja wa Ulaya ulilitambua jambo hili. Agizo lake la mwaka 2008 kuhusu umiliki wa zamu linampa mnunuzi siku 14 za kujitoa, linakataza asitozwe hata arbuni katika siku hizo, na linataka mkataba uandikwe kwa lugha ya nchi anamoishi au ya uraia wake, kwa hiari yake, maadamu ni lugha rasmi ya Umoja huo. Asipopewa fomu ya kujitoa, muda wake hurefushwa kwa mwaka mmoja.

Katiba yetu ya 2010 inasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na anachonunua. Naomba Bunge liviunganishe vifungu hivi viwili: mkataba wowote wenye siku za kujitoa uandikwe kwa Kiswahili pia mnunuzi akitaka, na siku hizo zisianze kuhesabiwa kabla hajaipokea nakala hiyo.

Kabla Bunge halijaamka, aliyepitwa na siku asikae kimya. Aandike barua, aiwekee tarehe, aeleze aliahidiwa nini na alipewa nini, na ahifadhi nakala. Dai la fedha lisilozidi shilingi 1,000,000 laweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo. Na ajihadhari na wale wanaojitokeza kuahidi kumtoa kitanzini mradi awalipe kwanza. Ulaya imewaona wengi wa aina hiyo, na aghalabu huwa ni mtego wa pili.

Nanyi walimu wenzangu, tunawafundisha wanafunzi ufahamu kwa hadithi na insha, nao hufaulu mtihani. Ni wangapi kati yao wamewahi kuwekewa mkataba mezani na kuulizwa: ni nani anayefungwa na sentensi hii, na tangu siku gani? Swali hilo halihitaji kitabu kipya. Lahitaji karatasi moja tu na kipindi kimoja.