Urafiki na Uganda ufike kwenye gunia la kahawa

MKULIMA wa Kamachumu au Nshamba hahitaji kuelezwa kwamba Tanzania na Uganda ni marafiki. Pengine bibi yake alizaliwa Masaka, na shemeji yake anauza duka upande wa pili wa Mutukula. Hata umeme wa Bukoba kwa miaka mingi umekuwa ukitoka Uganda. Wazee wetu walikuwa na omukago, watu wawili wakila pamoja punje za kahawa na kuwa ndugu wa damu, na desturi hiyo ilijulikana Buhaya kama ilivyojulikana Buganda.

Urafiki huu wana-Kagera tumeulipia. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua na kupora, na daraja la Kyaka likavunjwa. Vita iliyofuata ilikwenda hadi Kampala, iliyotwaliwa Aprili 11, 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikwishakufa tangu 1977, na mkataba wa kuifufua haukusainiwa hadi Novemba 30, 1999.

Tangu hapo wakubwa wamefanya mengi. Umoja wa Forodha ulianza 2005, Soko la Pamoja 2010. Agosti 2017 jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi liliwekwa Chongoleani, Tanga. Bomba hilo la kilometa 1,443 linaanzia Hoima na kupita Missenyi, Bukoba, Muleba na Biharamulo. Novemba mwaka huo huo Marais Magufuli na Museveni walizindua kituo cha huduma kwa pamoja Mutukula. Yote ni mema. Lakini mafuta yakipata njia ya kilometa elfu na ushei, inakuwaje gunia moja la kahawa livushwe usiku kwa bodaboda?

Kuvusha kahawa kwa magendo ni kosa, na hatumtetei anayefanya hivyo. Halmashauri inakosa ushuru, chama cha msingi kinakosa mzigo, na kahawa ya Bukoba inafika sokoni ikiitwa ya Uganda. Tunachokataa ni kuambiwa kila msimu kwamba dawa ni askari na vizuizi barabarani tu.

Mkulima hapeleki kahawa yake Uganda kwa kukosa uzalendo. Huko biashara ya kahawa ilifunguliwa tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na mnunuzi hulipa taslimu, mkono kwa mkono. Huku kwetu, tangu msimu wa 2018 kahawa ilipoagizwa ipite kwenye ushirika, mkulima alipima leo akapewa stakabadhi, kisha akangoja. Ada ya shule haingoji. Miaka ya karibuni minada imesogezwa mkoani na bei imepanda, tena robusta ilivuka dola 5,000 kwa tani katika soko la London mwaka 2024. Hilo tunalipongeza. Hata hivyo bei nzuri inayochelewa kulipwa humsukuma mkulima kwa mlanguzi vile vile.

Na mlanguzi ndiye tatizo lenyewe. Tunazungumzia butura, yaani kununua kahawa ingali maua. Mwenye kibanja anaumwa au ana mtoto wa sekondari, anachukua fedha kidogo, na msimu ukifika kahawa yote ni ya mtu mwingine. Huyo ndiye anayeivusha, na ndiye anayekula tofauti ya bei. Anayekamatwa njiani ni kijana wa pikipiki aliyelipwa nauli. Kwa hiyo mikopo midogo ya ushirika katika miezi ya njaa, kwa riba inayobebeka, ingezuia magendo kuliko doria kumi.

Tuna pendekezo jingine ambalo huenda lisiwafurahishe wote. Uganda husafirisha nje kahawa nyingi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na wanunuzi wake wanaitaka kahawa yetu. Magendo yenyewe ni ushahidi. Basi na waje mnadani mchana. Serikali zetu mbili zikubaliane leseni, vibali na malipo ya mnunuzi wa Masaka au Kampala anayetaka kushindana Bukoba na Muleba. Akipandisha bei mbele ya wote, mkulima atafaidika, ushuru utabaki hapa, na jina la kahawa yetu litaandikwa kwenye hati.

Wafanyabiashara wadogo nao wana shida yao, ingawa hii ni rahisi zaidi. Mama mwenye maharage au dagaa anapita njia ya panya akiamini forodha itammaliza. Kumbe Jumuiya ina utaratibu wa cheti rahisi cha uasilia kwa bidhaa za nchi wanachama zilizo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000. Mwenye cheti hicho halipi ushuru wa forodha. Vibali vingine, kama cha afya ya mimea, vinabaki pale pale, na hilo aambiwe wazi asije akashtukia mpakani. Wengi hawajui, kwa hiyo wanapoteza mzigo wote porini, au wanamlipa mtu asiye na risiti.

Orodha hiyo ya bidhaa na ada zote halali ibandikwe kwa Kiswahili, Kihaya na Kiganda, katika soko la Bukoba, Muleba mjini na mialoni, kabla mtu hajalipa nauli ya kwenda Mutukula. Kazi hiyo haihitaji mkutano wa marais. Inahitaji ofisa biashara mmoja, karatasi na gundi, na tungependa kuiona imefanyika kabla msimu ujao wa kahawa haujafunguliwa.