Pikipiki ya Masisi Haichaguliwi kwa Picha
Kwenye simu, pikipiki ya matope kutoka China inapendeza: tairi za vijino, shokapu ndefu, bei ya chini. Bei hiyo ni ya huko huko kiwandani. Bado meli, bado forodha Mombasa au Dar es Salaam, bado lori hadi Goma, mashariki mwa Kongo. (Vizuizi vya njiani sivihesabu, hivyo vina hesabu yake.) Halafu ndiyo kwanza barabara inaanza: Sake, milima ya Masisi, kisha msitu wa Walikale, ambako mvua moja hummwaga hata dereva mzoefu. Mimi ningeuliza uzito kabla ya nguvu za injini. Pikipiki ikizama nusu gurudumu, watu wawili waweze kuinyanyua. Kabureta naipendelea kuliko injekta, maana petroli ya chupa haikosi uchafu, na fundi wa kando ya njia ataifungua, ataipuliza, safari iendelee. Yamaha DT 125 za mashirika ya misaada zilijijengea jina kwenye njia za namna hii, ila bei yake si ya mwenye mfuko mwembamba. Huyo achukue TVS au Boxer, aivalishe tairi za vijino: klachi ikiungua, vipuri viko Goma. Ile ya mtandaoni, klachi nayo inasubiri meli.