Waimbaji wa Kampeni, Mkumbukeni Bibi Titi

Kila msimu wa uchaguzi akina mama hugawiwa khanga na fulana, wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa uwanjani kuimba. Mgombea, aghalabu mwanamume, akishahutubia huwapungia mkono, akaingia garini akaenda zake. Nasema bila kuuma maneno: biashara hii ni ya hasara. Na mwanamke aliyekataa hasara hiyo naye alianza kwa kuimba.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akalelewa kama mabinti wengi wa Kiislamu wa mji ule: shule kidogo, kisha kuwekwa ndani, kisha kuozwa mapema. Cheti cha kujivunia hakuwa nacho. Alikuwa na sauti, na alikuwa na kikundi cha ngoma. Mwaka 1955, TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kikiwa bado kichanga, alikabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani. Hakuanza kwa waraka wala kamati. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, ambao neno lao moja liliwatoa wanawake majumbani, akawaomba wawaite wenzao. Watu waliozoea kukutana harusini wakawa wanauziana kadi za chama. Wasomi wengi wakati huo walikuwa watumishi wa serikali ya kikoloni, na mtumishi alikatazwa siasa. Muuza maandazi, kinyume chao, hakuwa na bwana wa kumfukuza kazi. Haikupita miezi mingi wanachama wanawake wakahesabiwa kwa maelfu.

Najua wapo watakaosema kuwa mwanamke wa Kiislamu kusimama jukwaani mbele ya wanaume ni utovu wa adabu. Hasha! Kati ya wake wa Mtume, Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara, na Bi Aisha aliwafundisha wanaume hadithi za Mtume. Mume wa Titi mwenyewe alikuwa mwanachama wa TANU. Anayemzuia binti yake asiseme ni desturi yake inayomtuma, asiisingizie dini.

Baada ya uhuru Bibi Titi aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT), akawa mbunge na naibu waziri. Mwaka 1965 alishindwa ubunge Rufiji. Lilipokuja Azimio la Arusha mwaka 1967, likikataza viongozi kupangisha nyumba, aliacha uongozi. Wengine walimwita bepari. Mimi simlaumu, kwani kwa mwanamke asiye na cheti nyumba ya kupangisha ndiyo pensheni. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Miaka mingi jina lake halikutajwa. Alifariki mwaka 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Vizuri, lakini barabara haichukui fomu.

Wala msiniambie kwamba kazi imekwisha kwa kuwa Samia Suluhu Hassan ni Rais tangu 2021. Wabunge wanawake walio wengi bado huingia bungeni kwa viti maalumu. Wanaoshinda majimboni ni wachache.

Basi wewe mwenyekiti wa kikoba, wewe kungwi, wewe kiongozi wa kikundi cha kaswida: watu unao tayari, na wanakusikiliza kuliko wanavyomsikiliza diwani. Uchaguzi ujao, kabla hamjakubali kupanda lori, kaeni kikao mmchague mmoja wenu akachukue fomu. Nyimbo mtamwimbia yeye.