Jina Jipya, Mchezo Uleule

TUONGEE NYUMBANI: Safu ya kila mwezi



Mwezi huu nilikuwa nimejitayarisha kuandika juu ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na wadudu. Itabidi yangoje. Jambo lingine limeingia nyumbani kwangu na limeninyima usingizi siku tatu. Ni jambo la gemu. Msicheke kwanza, someni.

Kijana wa dada yangu ana kibanda cha kuchezea gemu karibu na soko. Wako wawili, yeye na mwenzake, marafiki tangu wanatembea bila viatu. Ndani mna televisheni moja, PlayStation 2 moja, betri na paneli ya sola. Mtoto akilipa shilingi mia mbili anacheza mechi moja, akifungwa anaachia pedi. Kutoka humo dada yangu anapata sabuni, chumvi, na mara moja moja samaki. Kwa hiyo kwetu hiyo si michezo tu. Ni jiko.

Sasa hao wawili hawasemezani.

Jioni moja kijana akaja kwangu. "Shikamoo mjomba." Nikaitikia. Akakaa, akakuna kichwa, nikajua kuna neno. "Mjomba, ninaomba unidhamini kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Ninataka kuuza mashine yetu ya zamani, ninunue ya kisasa yenye mpira wa sasa. Watoto wanasema kibanda chetu kimezeeka." Nikamuuliza, mwenzako anasemaje? Akainama. "Yeye amekataa. Anasema wale watu hawatengenezi tena mchezo, wanauza jina. Tumetukanana, mjomba."

Mimi gemu sijui. Lakini deni ninalijua. Kwa hiyo Jumamosi nikachukua kigoda changu, nikaenda kukaa kibandani kusikiliza. Nilikuta wanaume wazima wanabishana kuliko baraza la wazee. Nitawaeleza walichosema, maana nimejifunza mengi.

Mchezo wanaougombania unaitwa Pro Evolution Soccer, wao wanaita PES. Wengine wanaujua kwa jina la Kijapani cha kule ulikotoka, Winning Eleven. Unatengenezwa na kampuni ya Konami ya Japani. Fundi redio wetu, ambaye anajua kila kitu chenye waya, akanieleza kwamba kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1969 upande wa Osaka, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukodisha na kutengeneza mashine za muziki, zile unazotumbukiza sarafu zikakupigia wimbo. Yaani walianza kama mafundi wa kutengeneza vilivyoharibika. Neno hilo lishikeni, nitalirudia.

PES ya kwanza ilitoka 2001. Kuanzia hapo kila mwaka toleo moja, na kila toleo, wanasema, lilikuwa na jambo jipya. La 2003 liliweka refa Pierluigi Collina kwenye ganda lake, Mwitaliano yule mwenye kipara na macho makali. PES 6 ilitoka 2006, na hiyo ndiyo iliyomo kibandani mpaka leo. Mwenzake kijana wangu akaishika ile sidii kama mtu anayeshika cheti cha kuzaliwa. "Baba, hii ilikuwaka mchezo ya kweli. Mpira ulikuwa na uzito. Ukikosea pasi, umekosea wewe, haiko mashine."

Kasoro zilikuwepo hata wakati huo. Timu nyingi hazikuwa na majina yake kwa sababu kampuni haikuwa na haki ya kuyatumia. Liverpool iliitwa Merseyside Red. Wapenzi wa mchezo wakakaa wenyewe wakayaandika upya majina na kupaka jezi rangi, klabu moja baada ya nyingine. Mnaona mapenzi hayo? Mtu ananunua nyumba isiyo na mlango, anauchonga mlango mwenyewe, na bado anamsifu fundi.

Halafu mambo yakaanza kubadilika. Mwaka 2007 zilikuwa zimekuja mashine mpya kama PlayStation 3, na toleo lililoitwa PES 2008 likatoka humo. Kwenye PlayStation 3 picha zilikuwa zinakwama-kwama. Walioukuza mchezo wakasikitika, wakasema tungoje mwaka ujao. Mwaka ujao wakasema tungoje ujao. Makipa walikuwa wanatema mpira miguuni pa adui, watu wanalalamika, toleo jipya linakuja na kipa anatema vilevile. Mwaka 2013 kampuni ikatoa PES 2014 yenye mitambo mipya ndani, wakasifu ngozi za wachezaji na jezi zinavyotikisika. Watu wakacheza, wakakuta mvua haimo! Matoleo ya zamani mvua ilikuwa inanyesha.

Hapo kibanda kizima kikacheka. "Mpira bila mvua, waje watuulize sisi wa kambini!"

Upande wa pili, kampuni ya Marekani, EA, yenye mchezo wa FIFA tangu 1993, ilikuwa inapanda. Mwaka 2018 haki ya kuonyesha Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, ambayo Konami iliishika miaka kumi, ikahamia kwa EA. Mwaka 2020 Konami ikatoa toleo ambalo yenyewe ilikiri ni lile la mwaka uliopita, limewekewa wachezaji na jezi za msimu mpya, kwa bei ya chini. Halafu Septemba 30, 2021 jina la PES likafutwa. Ikaja eFootball, ya bure kabisa.

Ya bure! Mimi nikasema, basi ugomvi umekwisha. Wakanitazama kwa huruma.

Kumbe ile ya bure ilitoka haijaiva. Namba yake yenyewe ilikuwa 0.9.0, maana yake hata moja haijafika. Klabu zilikuwa tisa tu. Nyuso za wachezaji mashuhuri zilipinda mpaka dunia nzima ikacheka. Kwenye duka la gemu za kompyuta liitwalo Steam, wachezaji waliipa alama mbaya kuliko gemu zote za pale siku zile. Kesho yake kampuni ikaomba radhi hadharani. Marekebisho makubwa yaliyoahidiwa mwezi wa Novemba yakasogezwa, toleo la 1.0.0 likatoka Aprili 14, 2022. Na ule mchezo wa Master League, ambapo unapewa timu ya watu wasiojulikana na kuijenga mwaka hadi mwaka, siku ile haukuwemo.

Kijana wangu akajitetea. Tuwe wa haki, naye ana maneno. Akasema: "Lakini baadaye waliirekebisha kidogo kidogo. Na hao wa FIFA ni watakatifu? Kwenye mashine ya Nintendo Switch, kuanzia 2019 mpaka 2022, walitoa matoleo manne mfululizo, mchezo uleule, wamebadilisha jezi na majina tu, wakauza kama kitu kipya. Mwaka 2023 wameachana na shirika la FIFA, wakaita EA Sports FC. Kwa hiyo wote ni wamoja. Kwa nini tuendelee kuwakasirikia hawa peke yao? Sisi twende na wakati, wateja wanataka Mbappé."

Mwingine akaongeza kwamba kutengeneza gemu siku hizi kunataka watu wengi na pesa nyingi, na ukitoa moja kila mwaka huna muda wa kubuni. Hilo nalo ni kweli. Mpishi akiambiwa apike sherehe kila siku, mwisho atapasha moto ya jana.

Mimi nikauliza swali la mtu mzima asiyejua: kwa nini zamani waliweza? Fundi redio akanijibu vizuri, naandika ili mjifunze kama mimi. Zamani, akasema, mchezo wa PlayStation 2 ulichapwa kwenye sidii. Kilichochapwa kimechapwa. Kasoro ikitoka nayo itabaki nayo milele. Kwa hiyo walilazimika kumaliza kazi kabla ya kuuza. Ilipokuja intaneti, wakajua wanaweza kuuza leo na kurekebisha kesho. Halafu kesho ikawa mbali. Na sisi tusio na intaneti ya maana, hata hayo marekebisho yakitoka yatatufikiaje? Mchezo ule mpya hauchezeki vizuri bila mtandao. Bando la mwezi linaweza kumeza faida yote.

Hapo nikaona upande wa deni umejibiwa. Lakini bado sikuelewa hasira ya yule mwenzake. Mtu hagombani na rafiki wa miaka ishirini kwa sababu ya kipa anayetema mpira. Watu walipotoka kwenda kuteka maji, nikabaki naye. Nikamwambia, "Mwanangu, niambie lililo moyoni."

Akachomoa kwenye mashine kadi ndogo nyeusi ya kuhifadhia mechi. Akasema, "Baba, yaya yangu aliondoka kwenda Marekani na safari za kuhamishiwa nchi ya tatu. Hii ni timu yake. Alianza na wale wachezaji wa kubuni, Castolo, Minanda, Ximelez, Ivarov golini. Kila usiku betri ikibaki na moto kidogo alikuwa anacheza mechi moja. Amefika msimu wa tisa. Aliniambia nisiifute. Mashine ikiuzwa, hii kadi nitaitia wapi?"

Nikanyamaza. Nilikuja kuhesabu shilingi, kumbe kulikuwa na mtu ndani ya ile mashine.

Ndugu wasomaji, nilipokuwa narudi nyumbani nikawaza juu ya hao wapenzi wa mchezo, wa hapa kwetu na wa huko Ulaya na Asia. Tunawaona kama watoto wanaolilia kitu cha kipuuzi. Lakini wanacholalamikia tunakijua sisi wote. Mtu amekuwa mwaminifu kwako miaka. Amechonga mlango wa nyumba yako mwenyewe. Anakuambia kwa upole, hapa panavuja. Wewe unamletea kibao kipya chenye rangi nzuri, bomba linavuja lilelile. Linalomuuma hapo ni kuonekana kwamba atanunua tu hata iweje.

Nilisema mlishike neno lile: walianza kama mafundi wa kutengeneza. Kubuni kitu kipya ni kuzuri, kila mtu anapenda. Lakini mtu anayekupenda utamjua pale anaporudi kuangalia kile alichokupa zamani, kama bado kinafanya kazi. Hata sisi wazazi tujiulize. Mtoto anakuambia mara tatu kwamba kuna jambo shuleni linamsumbua, wewe unamnunulia daftari jipya. Daftari ni zuri. Jambo je?

Basi, niliamuaje? Niliwaita wote wawili Jumapili. Niliwaambia: mimi sidhamini mtu mmoja kwenye mali ya watu wawili. Mkija pamoja nitasaini. Halafu nikamwambia kijana wangu aulize habari za ile kadi. Alikuwa hajui! Miaka yote wako kibanda kimoja, hakujua. Aliposikia alitazama chini muda mrefu. Akasema, "Kwa nini hukuniambia, ndugu yangu?" Mwenzake akajibu, "Ulikuwa unaongea habari za Mbappé."

Tulicheka mpaka mama wa nyumba akatoka kuuliza kuna nini.

Wamekubaliana hivi. Mashine haiuzwi. Mkopo hawachukui kwanza. Fundi redio amesafisha lenzi iliyokuwa inakataa kusoma sidii, na wamenunua pedi moja ya kubadilisha ile iliyolegea. Pesa kidogo waliyokuwa nayo wameitenga kwa betri, maana watoto wanachoka kukatizwa dakika ya themanini kuliko wanavyochoka na mchezo wa 2006. Kuhusu mashine ya kisasa, wataazima ya mtu siku moja ya soko, wahesabu watoto wangapi wanalipa na bando limekula kiasi gani. Wakiona hesabu inakubali, waje tuongee tena. Nami kalamu yangu iko tayari.

Kwa vijana wengine wenye vibanda nasema machache. Usinunue kitu kwa sababu ya namba ya mwaka iliyoandikwa juu yake, kicheze kwanza. Usiweke namba ya pesa ya mzazi kwenye gemu yoyote ya simu. Kuna michezo ya bure inayouza vifurushi vya wachezaji, unalipa bila kujua utampata nani. Ubelgiji mwaka 2018 wakubwa wa huko walisema mauzo ya namna hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuuza sarafu za FIFA katika nchi hiyo. Kama Ubelgiji wameogopa, sisi wa posho tuogope mara mbili.

Na kwa wazazi: mtoto wako akiongea habari za gemu, usimfukuze kwa "acha upuuzi". Kaa kwenye kigoda nusu saa. Pengine katikati ya hayo majina ya ajabu kuna mtu anayemkumbuka.

Jana jioni nilipita kibandani. Yule mwenzake alikuwa amewasha timu ya yaya yake, lakini hachezi, anaangalia tu orodha ya wachezaji. Kijana wangu akamwambia, "Tukipata simu yake, tumuulize kama anaturuhusu kumalizia msimu." Jibu likija nitawaandikia.

Mwenye maoni ayaandike kwenye karatasi, atie kwenye sanduku letu pale penye ubao wa matangazo. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye mahindi.