Makao ya Ndoto na Kasumba ya Uzunguni

Liko swali moja ambalo limekuwa mchezo wa mazungumzo katika mabaraza yetu, hasa ya mijini: kama fedha si tatizo na kazi si lazima, ungependa kuishi wapi? Swali hili huulizwa kwa mzaha na hujibiwa kwa mzaha. Lakini mzaha wa watu ni kioo cha fikra zao, na atakaye kuujua utamaduni wa taifa hana budi kuusikiliza. Majibu aghalabu huwa matatu. Mmoja husema Ulaya au Marekani. Wa pili husema Oysterbay au Masaki, mbele ya bahari. Wa tatu husema pwani ya Unguja, penye mchanga mweupe, asisumbuliwe na mtu. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba majibu hayo matatu ni jibu moja, kwamba jibu hilo hatukulitunga sisi, na kwamba swali lenyewe lina kasoro.

Tuanze na hiyo Oysterbay. Uzuri wake haukushuka na mvua. Mwaka 1924 serikali ya Waingereza iliugawa mji wa Dar es Salaam katika kanda tatu: ukanda wa nyumba za Kizungu, ukanda wa maduka na makazi ambao kwa hakika ulikuwa wa Wahindi, na ukanda wa nyumba za wenyeji. Kanuni zilitaja aina za nyumba wala hazikutaja rangi za watu, lakini hapana aliyedanganyika. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja wa Mnazi Mmoja, usijengwe, uwe mpaka. Na hoja iliyotolewa ilikuwa afya. Wananchi wakapatambua kila mahali kwa jina lake la kweli: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Uzunguni palipewa viwanja vipana, miti ya kivuli, mabomba ya maji na upepo wa bahari. Uswahilini palipewa viwanja finyu, na mifereji ikasahauliwa. Kisha, maji ya mvua yalipotuama na mbu kuzaana, ikasemwa kwamba hivyo ndivyo Waswahili wapendavyo kuishi. Hapo ndipo kasumba ilipotiwa. Tulifundishwa kwamba usafi, kivuli na utulivu ni tabia ya watu fulani, ilhali ni matokeo ya mpango na bajeti.

Baada ya Uhuru juhudi hazikukosekana. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, likabomoa vibanda na kujenga nyumba bora. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Majumba yalipata mwenyewe mpya. Ndoto ilibaki ya yule wa zamani. Hata leo mtu akihama Manzese kwenda Masaki, husemwa kwamba "ametoka". Ametoka wapi? Ametoka kwetu. Na yule anayeota Ulaya anaota kutoka huko huko, ila kwa nauli kubwa zaidi.

Watakuwako watakaosema: je, mwataka tuyapende madimbwi? La, hasha. Hapana heshima yoyote katika choo kinachofurika masika, wala hatutaki ufukara uvikwe kanzu ya utamaduni. Tusemalo ni kwamba nyumba ya Kiswahili, yenye baraza mbele, ukumbi katikati na ua nyuma, ina hekima ambayo ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu yake hauna. Barazani jirani huonekana asipotoka asubuhi, akaulizwa hali. Uani mtoto mmoja hulelewa na mama wanne. Kinachokosekana hapo ni mfereji, bomba na mti. Na mambo hayo hayahitaji mtu ahame ili ayapate. Yanahitaji yadaiwe, yapangwe, yajengwe.

Sasa tuitazame kasoro ya swali lenyewe, yaani lile sharti kwamba kazi isiwepo. Mwezi Desemba 2011 mafuriko makubwa yaliwaua watu kadhaa Dar es Salaam na kuzibomoa nyumba za bonde la Msimbazi. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini ya jiji. Nchi kavu ilipatikana, tena bila ya kuinunua. Hata hivyo wako waliorudi bondeni, kwa kuwa soko, kibarua na wateja wao walikuwa huku. Wengi waliwacheka kwamba hawajui lililo jema kwao. Lakini watu wale walijua jambo ambalo mwotaji hajui: mahali pasipo na kazi ya mtu hapajawa kwake.

Na hiyo pwani tulivu ya Unguja? Huko Paje na Jambiani, ambako mwotaji haoni ila mchanga, kina mama wamekuwa wakilima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakiinama majini maji yakupwapo. Anayetaka kukaa hapo bila ya kazi na bila ya kusumbuliwa anataka kuwa mgeni wa milele. Wahenga walikwisha kutuamulia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Je, tuache kuota? Hapana. Shaaban Robert alitufundisha namna nyingine ya kuota. Katika kitabu chake cha Kusadikika, wajumbe sita wanatumwa pande mbalimbali, wanaona nchi zenye neema, na kila mmoja anarudi na maarifa ya kuitengeneza nchi yake. Malipo yao ni kifungo, mpaka Karama asimame barazani kuwatetea. Ndoto ya mahali pema na iwe mjumbe wa namna hiyo: iende, ione, irudi. Mtu akivutiwa na kivuli cha Oysterbay, na apande mwarobaini Tandale. Akivutiwa na uwanja wa wazi, na asimame na wenzake wakati kiwanja cha watoto wa mtaa wake kinapomegwa usiku kwa usiku kikajengwa duka. Na viongozi wa mitaa wasiwafunge wajumbe hawa kwa kuwaita wakorofi.

Ukoloni ulituchorea mji wenye sehemu moja tu ya kutamaniwa. Kuitamani sehemu hiyo ni kuukamilisha mchoro wake. Kazi iliyo mbele yetu ni kuufuta, mtaa kwa mtaa, mfereji kwa mfereji, hata siku moja mtoto wa Uswahilini aulizwe angependa kuishi wapi, naye ajibu bila ya aibu: hapa hapa.