Kifafa Hakitoki Kuzimu, Angalieni Mto

Mtu akianguka kwa kifafa karibu na mafiga, wapo watakaorudi nyuma. Wanaogopa povu: eti likikugusa, nawe utaanguka. Mkono unaungua, watu wazima wamesimama wanatazama, kisha kidonda kinahesabiwa kuwa kazi ya pepo.

Uongo mtupu, tena unaoua. Kifafa hakiambukizwi kwa povu, mate wala ushuzi.

Mtu wa Kisanga, wilayani Kilosa, anayetafuta mchawi afadhali aanze na mto. Kilosa imo kati ya maeneo ya ugonjwa wa usubi nchini Tanzania, pamoja na Mahenge, Tukuyu na Ruvuma. Anayeueneza ni inzi mdogo mweusi, mwenye kibyongo: hutaga kwenye maji yaendayo kasi, huuma mchana na kuingiza minyoo mwilini. Minyoo mikubwa hujificha kwenye vinundu chini ya ngozi. Vitoto vyake huzagaa hadi machoni. Ndiyo maana usubi unajulikana kwa miwasho na upofu.

Huko Mahenge, mkoa uleule wa Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianza kliniki ya kifafa mwaka 1960. Alikuta wagonjwa wengi kupita kiasi, wakiwamo watoto waliotikisa vichwa kama wanaosinzia. Tangu hapo tafiti za Mahenge, kaskazini mwa Uganda na Kongo zimeonyesha kwamba penye usubi mwingi kifafa nacho hujaa. Minyoo inaudhuru vipi ubongo? Hapo wataalamu bado wanabishana. Na si usubi pekee: malaria kali, tegu wa nguruwe, uzazi mgumu na ajali ya kichwa navyo huleta kifafa.

Wasomi nao wasicheke sana. Wanamdhihaki mganga anayeagua kifafa kwa jogoo mweusi, halafu wanasema “ni ubongo tu” na kumrudisha mgonjwa, na fenobabitoni yake mfukoni, kando ya mto uleule. Vidonge hivyo anavihitaji kweli. Lakini ubongo wake unakaa katika mwili unaochota maji, unaooga na kulima mahali fulani.

Dawa ya usubi, ivermektini, hugawiwa bure. Mgawaji huja na kijiti chenye alama. Mtu husimama wima, na urefu wake ndio unaoamua idadi ya vidonge. Dawa hiyo haiui minyoo mikubwa, ambayo huweza kuishi zaidi ya miaka 10, hivyo lazima imezwe mwaka hadi mwaka. Jogoo wa mganga hununuliwa. Kijiti hakidai hata shilingi, na bado wapo wanaokikimbia kwenda shambani wasipimwe.